Kuhama kwa Kona ya Lori

Jumatano hiyo Dobi alirudi kutoka kazini saa tisa za mchana, miguu inawaka moto, akatia maji kwenye birika apate chai kabla hajafanya lolote. Birika lilikuwapo. Kifuniko chake hakikuwapo. Akainama kutazama chini ya meza, ndipo akakumbuka kwamba meza haina juu, na kitu kisicho na juu hakina chini. Ilikuwa imebaki miguu minne tu, imefungwa kwa kamba kama mzigo wa kuni na kuegemezwa ukutani. Ubao wake ulikuwa umesafiri tangu miezi minne iliyopita.

Akageuza ndoo, akaikalia, akachukua daftari.

Daftari lenyewe lilikuwa la kurasa mia, na lilianza vizuri sana. Ukurasa wa kwanza ulipigwa mstari kwa rula, upande wa kushoto pameandikwa HAPA, upande wa kulia KULE. Hapa ni mji huu, wenye hoteli kubwa ambayo Dobi amepiga pasi katika chumba chake cha chini kwa miaka kumi na miwili, na vyumba viwili vya kupanga vya elfu mia na themanini kwa mwezi, ambavyo mama mwenye nyumba amekwisha kusema vitapanda tena. Kule ni mji ulioko siku mbili kwa lori, anakokaa wifi yake, ambako nyumba ya vyumba viwili ni elfu sabini, na nyuma ina uwanja. Dobi hakuwahi kuutia machoni mji huo. Aliujua kwa bei zake tu. Ungemwamsha usingizini angekutajia bei ya gunia la mkaa la kule, lakini kama kuna kilima au hakuna, hajui.

Shabaha yake ilikuwa moja, na aliisema kwa kila mtu: afungue fremu yake mwenyewe, kijiduka cha udobi. Amechoka kunyoosha mashuka ya watu asiowaona sura. Akiba ilikuwa elfu mia tisa, miaka saba ya kujinyima, na aliigawa katika ukurasa wa pili bila kufuta hata mara moja. Kodi ya fremu miezi sita, mia tatu na sitini. Mashine ya kufulia iliyotumika, mia nne. Sabuni, mkaa na nauli, mia na arobaini. Ikatimia kamili, mpaka akaona raha kuitazama.

Kitu kimoja hakikuwamo: gari la kuhamishia vyombo. Dobi aliuliza, akaambiwa lori la kukodi ni elfu mia nne na hamsini. Akamwambia mumewe.

Mumewe ni dereva wa lori. Watu humwita Taratibu, kwa sababu neno hilo limechorwa juu ya kioo cha mbele cha lori analoendesha, na kwa sababu limemkaa. Anasema taratibu, anakula taratibu, hata kukasirika hukasirika kwa awamu. Siku hiyo alicheka mpaka akaketi.

"Mke wa dereva akodi lori? Mama, unataka nipite wapi? Njia nzima watanizomea. Mimi si napita pale kila baada ya wiki mbili?"

Na ni kweli alipita. Alileta mbao mji huu, akarudi kule na mabati, misumari na makopo ya rangi, na mara nyingi lori lilirudi halijajaa. Tajiri wa lori, mtu asiye mbaya, alimwambia, "Kona ya nyuma kushoto ni yako. Ila usivuke ubavu wa pili." Ubavu ni zile nguzo za chuma zinazoshika bodi. Toka mlangoni mpaka ubavu wa pili ni hatua mbili za mtu mzima. Bure kabisa, hata senti.

Basi wakapanga nyumba ya kule kwanza, maana vyombo vikifika lazima viwe na pa kushukia. Ufunguo akapewa wifi. Dobi akafanya kama afanyavyo hotelini, ambako kila nguo inayoingia hupigwa namba kwenye kitambaa kidogo na kushonewa kwa uzi mwekundu, ili shati la mgeni wa chumba cha juu lisivaliwe na mgeni wa chumba cha chini. Akakivika namba kila kitu ndani ya nyumba, toka kabati mpaka kinu. Namba moja hadi themanini na saba. Akaviandika kwa mpango wa matumizi: safari ya kwanza vitu vya jikoni vyote, ya pili vya kulalia, ya tatu vya kukalia, na ya nne watu. Miezi miwili, wamemaliza.

Alichosahau ni kwamba dereva hapakii kama dobi.

Taratibu alikuja safari ya kwanza, akasimama mlangoni, akatazama vyombo vya jikoni vilivyopangwa kwenye maboksi, akatikisa kichwa. "Leo kona yangu nyembamba halafu ndefu. Mabati yamekaa hivi," akaonyesha kwa viganja. "Maboksi hayaingii. Nipe vitu virefu." Akachukua fagio, mbao za kitanda cha binti yao, fimbo za pazia na godoro la binti, alilolikunja kama chapati. Safari ya pili kona ilikuwa pana lakini fupi, akachukua ubao wa meza, sinia na vifuniko vyote vya sufuria, kwa kuwa vilikaa bapa. Sufuria zenyewe zikabaki mpaka safari nyingine. Safari ya tatu makopo ya rangi yalielemea upande mmoja, akahitaji uzito wa upande wa pili. Akachukua kinu, jiwe la kusagia na begi ambalo hakulifungua, akaona tu ni zito. Mlikuwa na viatu vya shule vya binti, pasi ya nyumbani na vyeti vya kuzaliwa.

"Lakini namba hizi nimeziandika za nini?" Dobi aliuliza.

"Mama, mzigo hupangwa kwa uzito na nafasi. Ukipanga kwa kuupenda, lori linalala."

Godoro la binti likalazimika kurudishwa, mtoto hawezi kulala sakafuni. Baadaye likapelekwa tena. Kisha likarudi. Godoro hilo limesafiri kuliko ukoo mzima.

Mwezi wa tatu ulipita, na wa nne. Huu ulikuwa wa tano. Dobi sasa akalifungua daftari, akajaribu kujua kifuniko cha birika kiko wapi. Ilikuwa namba hamsini na tatu. HAPA palikuwa na alama ya vema, ikafutwa. KULE palikuwa na alama ya vema, ikawekewa alama ya kuuliza. Akampigia wifi.

"Wifi yangu, nisaidie. Kifuniko cha birika, cha bati, kina kishikio cheusi."

"Ngoja." Zikasikika hatua, mlango, hatua. "Kipo! Kumbe ni kifuniko? Mimi nimekiwekea sabuni, nilidhani ni kisahani. Lakini birika silioni."

"Birika liko huku."

"Sasa birika liko huko kwa nini na mwenzake yuko huku?"

"Muulize kaka yako."

"Kaka yangu nimemwuliza juzi kuhusu hizi droo tatu za kabati. Nikamwambia kabati liko wapi? Akaniambia linakuja. Wifi, hizi droo zina mwezi wa pili zinamsubiri mama yao." Akacheka, halafu akashusha sauti. "Sikiliza, kuna jambo. Mwenye fremu kanifuata leo asubuhi. Ile ya kona, uliyoitaka. Kuna kinyozi anaitaka na pesa anazo mkononi. Nimemwomba akungojee. Kasema mwisho Ijumaa jioni, miezi sita mkononi, la sivyo anampa kinyozi."

"Ijumaa hii?"

"Hii hii."

Dobi akakata simu, akabaki ameishika. Ijumaa ilikuwa na jambo lake jingine. Hotelini wenzake walikwisha kumuaga mara mbili. Mara ya kwanza walimchangia shuka na soda, wakalia kidogo. Wiki mbili baadaye akaingia zamu kama kawaida. Mara ya pili walimchangia soda tu. Sasa kila akiingia humpokea kwa maneno. "Mama Pasi, we si tulikuaga?" "Mwacheni, amekuja kuaga vizuri." "Rudisha zile shuka basi tumpe anayehama kweli!" Naye hucheka nao, lakini Jumatatu msimamizi, mwanamama asiyecheka, alimwita pembeni. "Mimi nina mtu wa kuchukua meza yako. Niletee barua ya kuacha kazi Ijumaa saa sita, au niambie hubanduki. Siwezi kupanga zamu na mtu ambaye nusu yake haipo."

Kwa hiyo Ijumaa saa sita angeacha meza au angebaki nayo, na Ijumaa jioni angepata fremu au angeikosa. Hilo lilieleweka. Ambalo halikueleweka ni pesa. Akaanza kujumlisha.

Alijumlisha mara ya kwanza akapata jibu, akalikataa. Akajumlisha tena, kuanzia chini kwenda juu. Jibu likawa lile lile, akalikataa vilevile.

Taratibu aliingia saa kumi na nusu, mabega yamejaa unga wa mbao, maana ndiyo siku aliyoingia mjini na shehena. Nyuma yake aliingia binti yao wa miaka kumi na moja, mkoba mgongoni, amekutana na baba yake njiani.

"Shikamoo mama. Mwalimu ameuliza nahama au sihami. Nikamwambia sijui. Akasema nikuulize. Nakuuliza."

"Marahaba. Ngoja kwanza."

"Ndivyo nilivyomjibu na mwezi uliopita."

Taratibu akatafuta pa kukaa, akakosa, akakalia kitanda. "Mama, kuna habari, usishtuke. Tajiri amepata mkataba. Kuanzia safari hii ya Jumamosi lori linarudi limejaa saruji mpaka mlangoni. Kona hakuna."

"Mpaka lini?"

"Miezi mitatu. Au minne. Lakini baada ya hapo kona yetu iko pale pale, amenihakikishia."

Dobi akafungua ukurasa wa mahesabu. Akamsogezea daftari, akaweka kidole. "Nisomee hapo."

"Unajua macho yangu."

"Binti, msomee baba yako."

Binti akasoma kama anasoma darasani. "Kodi ya kule, elfu sabini mara miezi mitano, mia tatu na hamsini. Vitu tulivyonunua tena kwa sababu vyetu viko kule. Sufuria mbili, ishirini. Ndoo, tano. Blanketi, ishirini na tano. Jiko, thelathini. Viatu vya shule, thelathini na tano. Jumla ndogo, mia na kumi na tano. Jumla kubwa, mia nne sitini na tano."

"Ya nini hiyo?" Taratibu akauliza.

"Ya kuhama bure," Dobi akasema. "Lori la kukodi lilikuwa mia nne na hamsini. Sisi wa bure tumemzidi wa kulipa kwa elfu kumi na tano. Na bado kabati liko hapa, kitanda kiko hapa, na mimi niko hapa."

Taratibu akayahesabu tena kwa vidole kwa muda wake wa kawaida, ambao kwa mtu mwingine ungetosha kumaliza sahani ya chakula. Uso wake haukuwa wa mtu aliyekamatwa na kosa. Ulikuwa wa mtu aliyeonyeshwa barabara anayoipita kila siku akaambiwa inaelekea kwingine.

"Lakini usafiri hatujalipa," akasema mwishoni.

"Hatujalipa."

"Hata senti."

"Hata senti, baba."

"Sasa hizo pesa amekula nani?"

"Ndiyo ninayokuuliza!"

"Wamekula vifuniko," binti akasema, akafukuzwa aende akavue sare.

Akiba iliyobaki ilikuwa elfu mia nne thelathini na tano. Hapo ndipo Dobi alipovurugikiwa kweli, na hakuona aibu kusema. Akikodi lori la vitu vilivyobaki, akiba yote imekwenda, na haitoshi. Akingoja saruji iishe, kodi mbili zitamalizia kilichobaki. Akirudisha vya kule vije hapa, navyo vinahitaji lori, na hapa kodi inapanda. Akinunua mashine hana pa kuiweka. Akilipa fremu hana mashine. Aliyageuza mambo haya Alhamisi nzima juu ya meza ya pasi, shuka baada ya shuka, na kila akilinyoosha moja jingine linamkunjikia kichwani. Mara mbili alipiga pasi foronya upande wa ndani. Mara moja alijikuta amekunja taulo na kuliandikia KULE.

"Mama Pasi, uko?" mwenzake wa meza ya pili akamwuliza.

"Niko."

"Wapi?"

Akafikiri. "Nusu," akasema, na meza nzima ikaangua kicheko. Yeye hakucheka, kwa kuwa hakuwa ametania.

Alipotoka kazini alipitia kwa mama mwenye nyumba, anayekaa chumba cha mbele. Alitaka kuuliza tu kodi mpya itakuwa kiasi gani, ajue hasara ya kubaki. Mama mwenye nyumba alikuwa anachambua maharage kwenye ungo, miwani puani.

"Karibu mwanangu. Umekuja kuniaga?"

"Leo hapana, mama. Nimekuja kuuliza bei."

"Mia mbili na kumi, kuanzia mwezi ujao. Usinitazame hivyo, na mimi napandishiwa maji. Ila ukiondoka nitakusikitikia. Wewe unalipa siku ileile. Nitapata wapi mtu wa hivyo? Siku hizi wanakuja vijana na begi moja, wanauliza, mama, chumba kina kitanda? Kina kabati? Nawaambia mimi si hoteli. Wanaondoka."

Dobi akakaa kwenye kizingiti. "Wanataka kitanda na kabati?"

"Wanataka wakute kila kitu, walale siku hiyohiyo."

"Kitanda changu ni cha mninga, mama. Na kabati pia. Lina milango mitatu."

"Nalijua kabati lako, lilipoingia lilinikwangulia ukuta." Mama mwenye nyumba akaacha kuchambua, akamtazama juu ya miwani. "Lina droo?"

"Droo zilitangulia."

"Zilitangulia wapi?"

"Ni hadithi ndefu, mama."

Wakaanza kupatana. Mama mwenye nyumba alianzia elfu hamsini, kwa sababu ya droo. Dobi alianzia mia na hamsini, kwa sababu ya mninga. Maharage yakachambuliwa yakaisha, yakarudiwa. Wakakutana kwenye tisini, pamoja na miguu ya meza, viti viwili na vyombo vya jikoni vilivyobaki, pesa Ijumaa asubuhi. Dobi akatoka hapo hajui kama amefanya jambo la akili au la wazimu. Alijua tu kwamba mia nne thelathini na tano na tisini ni mia tano ishirini na tano, na kwamba ukitoa kodi ya fremu inabaki mia na sitini na tano. Humo itoke kodi ya nyumba ya kule ya mwezi ujao, sabini. Inabaki tisini na tano ya sabuni, mkaa na kula. Mashine haimo. Alijaribu kuiingiza kwa pembe zote, haikuingia. Angefua kwa mikono. Alitazama mikono yake njiani, akaigeuzageuza, kama anamkagua mtu anayemwajiri.

Taratibu hakulikubali. Alisimama mbele ya kabati na kuweka kiganja juu ya mlango wake.

"Mama, mimi miaka ishirini na mbili barabarani sijawahi kuacha mzigo wa mtu. Nimepasukiwa matairi mawili, nimelala porini siku tatu, nyanya za watu zinaoza, sikuziacha. Leo niache kabati langu mwenyewe?"

"Utalibeba kwa lipi?"

"Kona ikirudi."

"Kona ikirudi tutakuwa tumelipia kabati hili kodi ya miezi minne, katika miji miwili. Baba, hebu nisikilize, maana mimi mwenyewe sijielewi vizuri, ukinikatiza nitapotea. Lori lako mbele lina viti vingapi?"

"Vitatu. Changu na viwili."

"Saruji inakaa kwenye viti?"

"Saruji itakaaje kwenye viti?"

"Basi tumebaki mimi na mtoto. Sisi ndio vitu ambavyo hukuwahi kuvipakia, safari zote hizo. Tupakie."

Taratibu akalitazama kabati, akamtazama mkewe toka kichwani mpaka miguuni, kwa macho yale yale anayopimia shehena. "Mtaingia," akakiri shingo upande.

Ijumaa saa sita kasorobo Dobi aliweka barua juu ya meza ya msimamizi. Msimamizi aliisoma yote, mistari mitatu, halafu akaigeuza kuona kama nyuma kuna kitu.

"Safari hii ni kweli?"

"Nadhani."

"Unadhani?"

"Ni kweli. Ila nimekwisha kusema kweli mara mbili, sasa neno lenyewe limenichosha."

Msimamizi akagonga muhuri. Halafu, bila kucheka, akatoa kwenye droo yake bunda la vitambaa vya namba na kibonge cha uzi mwekundu, akamsukumia. "Huko utahitaji. Usimwambie mtu." Wenzake hawakumuaga. Walimwambia tutaonana Jumatatu, wakaendelea na kazi, na Dobi akapanda ngazi za nyuma bila soda wala machozi, akiwa hajui kama aumie au ashukuru.

Saa tisa alisimama kwenye kibanda cha kutuma pesa, tisini za mama mwenye nyumba zikiwa zimekwisha kuingia pamoja na akiba. Akaandika mia tatu na sitini. Simu ikauliza, una uhakika? Akaona hiyo simu nayo imezidi. Mwenye kibanda akakohoa, kuna watu nyuma. Dobi akafikiria ile meza ya pasi aliyoiacha saa tatu zilizopita, na mtu mwingine anayeizoea sasa hivi, anatafuta swichi ilipo. Hakuwa na uhakika. Akabonyeza ndiyo.

Jumamosi asubuhi lori liliegeshwa mbele ya nyumba, limejaa saruji mpaka mlangoni, turubai limekazwa kama ngoma. Binti alikwisha kupanda, ameketi katikati, godoro lake limekunjwa miguuni. Mama mwenye nyumba alisimama kizingitini akihesabu milango ya kabati kwa macho. Dobi akafunga dirisha la chumba, akatoa ufunguo, akageuka, akamwona mumewe anatoka uani na kitu kwapani, amekifunika kwa koti.

"Nini hicho?"

"Si kitu."

"Baba."

Taratibu akafunua koti. Kilikuwa kigingi cha ndani ya kabati, ule mti wa mviringo wa kutundikia nguo. "Kirefu halafu chembamba," akasema. "Nyuma ya kiti pana nafasi yake."

"Umeuza kabati, sasa unaliiba?"

"Sikuliuza mimi."

Dobi akamtazama mama mwenye nyumba. Mama mwenye nyumba akawatazama wote wawili, akapunga mkono. "Nendeni, nendeni. Nitaweka kamba. Mkikaa hapa mpaka saa nne mtakwenda na ukuta."

Walikuwa wamekwisha kuupita mzani wa magari, nyumba za mwisho za mji ziko nyuma, ndipo wifi alipopiga. Barabara ilikuwa mbaya na simu ilirukaruka sikioni.

"Wifi! Ufunguo wa fremu ninao mkononi, kinyozi kanuna. Niko ndani hivi sasa. Ni ndogo kidogo kuliko nilivyosema."

"Ndogo kiasi gani?"

"Ndogo. Lakini safi. Halafu umeme upo, ila unakatika. Halafu maji, nilikuambia bomba liko ndani?"

"Uliniambia liko ndani."

"Liko nje."

Dobi akafumba macho. Binti akamtazama usoni aone kama wanageuza. Taratibu, bila kuulizwa, akapunguza mwendo.

"Nje wapi, wifi? Mbele au nyuma?"

"Nyuma. Kuna sakafu ya saruji hapo, pana kama chumba, na mtu kaacha kamba mbili za kuanikia."

"Jua linaingia upande gani?"

"Ngoja nitoke nitazame." Zikasikika hatua, mlango, hatua. "Jamani, wifi, sijui. Leo kuna mawingu."

"Basi kaa hapo hapo," Dobi akasema, "mpaka yatoke."